Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuhamia na kuishi Dodoma

Haya maswali yanakuja kila wiki. Kuna waliopata barua ya uhamisho, kuna waliochaguliwa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), kuna wanaotaka kufungua biashara, na kuna ambao wana shangazi tu huku wanataka kujua wakija watafikia wapi. Nimeyaweka pamoja ili mtu asome kwanza alafu ndo aulize. Hii sio brosha ya mtu anayeuza viwanja, kwahiyo penye kero nitasema kero.

Eti Dodoma ni jangwa?

Hapana, ila ni kukavu. Mvua huku ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka mzima inafika kama milimita 550 mpaka 600, Dar wanapata karibu mara mbili ya hiyo. Ukija Februari utakuta kijani kila mahali mpaka utauliza jangwa liko wapi, ukija Septemba utakuta mibuyu haina hata jani, vumbi limepanda mpaka juu ya masufuria, na upepo unapuliza kuanzia asubuhi utadhani umelipwa. Watu wanahukumu mji kutokana na mwezi waliofikia.

Baridi je? Nasikia inakata

Juni na Julai ndio yenyewe, hasa alfajiri na usiku. Mji uko mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, kwahiyo hata jua likiwa kali, ukiingia kivulini unapoa. Watu wa pwani wanakuja na shuka moja nyepesi alafu wanaanza kutafuta blanketi saa tatu usiku. Joto la kweli ni Oktoba na Novemba, ile kabla mvua haijashuka. Ngozi itakauka, midomo itapasuka, nunua mafuta ya mgando na uache kuyaonea aibu.

Nikae mtaa gani?

Hili ndio swali linaloulizwa kuliko yote na ndio linalojibiwa vibaya kuliko yote, kwasababu kila mtu anasifia anapokaa yeye. Mimi nasema hivi, anza na unapofanya kazi, alafu maji, alafu usafiri, bei iwe ya nne. Ukianza na bei utahama ndani ya mwaka.

Kama ofisi yako iko Mtumba, kule Mji wa Serikali, jua kwamba ni kama kilomita 17 kutoka katikati kwenye barabara ya Dar. Ukikaa Nkuhungu, Kizota au Nala uko upande wa pili kabisa wa mji, kila asubuhi utaukata mji wote, utapita katikati, utapita Nanenane, utakutana na malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo, yaani unafika kazini umeshachoka. Watu wa Mtumba wengi wanakaa Kisasa, Nzuguni, Njedengwa, Iyumbu, Ihumwa na Mtumba kwenyewe. Ihumwa na Mtumba zamani ilikuwa mashamba ya uwele, sasa hivi ni nyumba zinaota kila wiki, ila baadhi ya mitaa barabara za ndani bado ni mchanga mtupu.

Wanaopenda mjini wana Makole, Viwandani, Uhindini na Majengo. Utatembea kwa mguu kwenda kila mahali lakini nyumba nyingi ni za zamani na kelele ipo. Area A, Area C na Area D ni mitaa iliyopangwa siku nyingi, miti mikubwa, barabara zinaeleweka, watumishi wengi wa muda mrefu wako huko. Ilazo, Ipagala na Kisasa ni ya kisasa kweli, maduka, saluni, sehemu za kula, na bei nayo imejifunza kuwa ya kisasa. Chang'ombe, Chadulu na Mbwanga ni kwa mwenye bajeti ya kawaida anayetaka majirani wengi na genge karibu na mlango. Upande wa Ntyuka na Mkonze wanaupenda wanaotaka mandhari, ukiamka unaona vilima na mawe makubwa yamekaa kama yalipangwa.

Mwanafunzi wa UDOM usihangaike, chuo kiko kilimani Chimwaga, na mitaa ya Iyumbu na Ng'hong'honha imejaa hosteli na vyumba vya kupanga.

Maji yapo kweli?

Yapo, ila swali sahihi ni yanatoka lini. Sehemu kubwa ya maji ya mji kwa miaka mingi inatoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, upande wa Makutupora, na mji umekua haraka kuliko visima. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956, ya 2022 ikakuta 765,179, na hapo hatujahesabu wanaokuja na kurudi. Kwahiyo kuna mgao, na mgao unatofautiana mtaa kwa mtaa, saa nyingine hata nyumba kwa nyumba kutokana na mlima. Ukiwa juu ya kilima presha inakuwa ndogo.

Kwenda kuangalia nyumba usimuulize dalali, uliza jirani. Dalali atakwambia "Maji hapa hayakatiki boss, hii ni Dom bwana". Wewe mshukuru, alafu tafuta mama anayeuza mchicha pale nje.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, karibu."
"Samahani mama, maji hapa yanatoka siku zote?"
"Aah, yanatoka usiku baba, Jumanne na Ijumaa. Usipoamka ndo imekula kwako."

Hapo umepata taarifa ambayo haipo kwenye tangazo lolote. Angalia pia kama nyumba ina simtanki, liko juu kiasi gani, na linajazwa na nani. Na kama mwenye nyumba anajivunia kisima chake, onja. Visima vingi huku maji yana chumvi, yanafaa kuoshea na kumwagilia lakini chai yake inakuwa na ladha ya ajabu na sabuni haitoi povu.

Kodi wanataka miezi mingapi?

Wengi bado wanataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, wapo wanaotaka mwaka. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, na kuna wanaodai hela ya kukupeleka kuona, hiyo mkubaliane kabla hujapanda bodaboda yake. Uliza LUKU ni ya kwako peke yako au mnachangia, maana mkichangia mita na mtu mwenye friji la kuuzia vinywaji urafiki utaisha mapema. Mkataba andikisheni, hata kama mwenye nyumba ni mzee wa kanisa.

Alafu epuka kutafuta nyumba wakati wa Bunge, hasa lile la bajeti linaloanza Aprili mpaka mwisho wa Juni. Wabunge, madereva wao, wasaidizi, waandishi wa habari, watu wa taasisi wote wanakuwa mjini, lodge zinajaa na bei zinapanda. Bunge likiahirishwa mji unapumua na hata mwenye nyumba anaanza kukupigia yeye.

Kutoka Dar kuja huko ni mateso bado?

Hayo yalikwisha. Treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, Dar hadi Dodoma ilianza kubeba abiria Julai 2024 na ikazinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Ni treni ya umeme, spidi yake inafika kilomita 160 kwa saa, ya haraka inakufikisha kwa saa tatu na dakika kadhaa, ya kawaida inachukua zaidi kidogo kwasababu inasimama njiani. Nauli ya daraja la kawaida ilianza na shilingi 31,000. Basi kwa njia hiyohiyo lilikuwa linakula siku nzima, ukifika miguu imevimba.

Mambo machache ya kujua. Stesheni ya SGR sio ile stesheni ya zamani ya katikati ya mji, usije ukamwambia bajaji "nipeleke stesheni" tu akakupeleka kwenye reli ya zamani, ambayo nayo bado inafanya kazi kwa treni za kwenda bara. Beba kitambulisho. Fika mapema, geti likifungwa limefungwa, hakuna kondakta wa kumkimbilia na kupiga bodi. Na Ijumaa jioni tiketi ni vita, kwasababu nusu ya maofisi bado wana familia Dar. Ijumaa saa tisa alasiri utaona mabegi ya magurudumu chini ya meza za ofisi, kikao kikigusa saa kumi watu wanaanza kuangaliana, mwenyekiti mwenyewe anaangalia saa kwasababu na yeye ana tiketi. Jumapili usiku wote wanarudi wamebeba samaki.

Na kwenda mikoa mingine?

Hapa ndo Dodoma inawapiga wengi chenga, watu wanadhani tumejificha kumbe tuko katikati. Barabara ya mashariki inakupeleka Morogoro, kama kilomita 260. Magharibi ni Singida, kama 240, ukiendelea unafika Mwanza. Kaskazini ni Kondoa, Babati mpaka Arusha, kusini ni Mtera mpaka Iringa. Hizi mbili za mwisho zilifunguliwa rasmi 2018 zikiwa lami, kabla ya hapo mtu wa kwenda Arusha alikuwa anazunguka mbali sana au anakula vumbi mchana kutwa. Mabasi ya mikoani yanaanzia stendi kuu ya Nanenane, Nzuguni, pembeni yake kuna soko la Ndugai kwahiyo unaweza kununua vitunguu ukisubiri basi.

Kuna barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3 iliyowekewa jiwe la msingi 2022, lengo ni malori yasiingie mjini. Na uwanja wa ndege wa Msalato ni kwa ajili ya ndege kubwa, maana ule wa zamani uko ndani ya mji kabisa, umezungukwa na nyumba.

Usafiri wa ndani ukoje?

Daladala, bajaji, bodaboda. Ukitaka kuelewa mji haraka, nenda Jamatini na Sabasaba ukae nusu saa usikilize makonda wanavyoita, ramani yote utaipata pale. Usiku daladala zinapungua mapema kuliko Dar, kwahiyo uwe na namba ya bajaji mmoja unayemwamini.

Watu wa huko wakoje, wageni wanakubalika?

Wenyeji ni Wagogo, na kaskazini kule Kondoa na Chemba kuna Warangi, Wasandawe, Waburunge. Ila kwenye mtaa wa kawaida wa Dom, mlango wa kwanza Mgogo, wa pili Mchaga, wa tatu Msukuma, wa nne mama wa Kinyakyusa anayeuza ndizi, wa tano familia ya Kizanzibari imekuja na wizara. Mjini Uhindini kuna familia zenye asili ya India zilizokaa hapa vizazi kadhaa, toka reli ya Mjerumani inafika kama 1910. Msikiti wa Gaddafi na makanisa makubwa ya Anglikana, Katoliki na KKKT vyote viko ndani ya mwendo wa bodaboda fupi, Jumapili na Ijumaa foleni zinapishana.

Kwasababu karibu kila mtu amekuja, hakuna anayeweza kukuringia kwamba mji ni wake, isipokuwa Mgogo, na yeye ndo mpole kuliko wote. Msalimie "Mbukwenyi" uone uso unavyobadilika. Ila usichanganye upole na ujinga, kwenye kuuza ng'ombe utalia.

Na ile hadithi ya Wagogo kuwa ombaomba?

Hii inaniudhi. Hii nchi ya Wagogo ilikuwa na ukame wa kurudia rudia, na mbaya zaidi ni njaa ya Mtunya baada ya 1917, ambapo majeshi ya Wajerumani na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza yalishachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, alafu mvua ikagoma. Watu walikufa kwa maelfu na wengine wakatembea mbali kutafuta chakula. Mzaha wa mjini Dar umeanzia kwenye kilio cha watu. Kama unakuja kuishi huku huo mzaha uache hukohuko.

Chakula?

Nyama. Nyama ya Dodoma ni nzuri na hilo halina mjadala. Jumamosi nenda mnada wa Msalato, mchana mchana hivi. Unapita kwenye mbuzi na ng'ombe wanapigiwa bei, unapita mitumba na majembe na dawa za mizizi, alafu unafika kwenye moshi. Unachagua kipande kimening'inia, kinapimwa mbele yako, kinawekwa kwenye moto, unasubiri na soda yako. Inakuja imekatwakatwa juu ya ubao, chumvi kwenye kona moja, pilipili kwenye kona nyingine, ndizi choma pembeni. Vaa viatu ambavyo huvipendi.

Nyumbani kwa wenyeji utapewa ugali wa uwele au mtama na mlenda, usikunje uso, kula mara tatu uone kama utarudi kwenye sembe. Perege wanatoka Mtera, mchele mzuri unatoka Bahi, karanga na mahindi vinatoka upande wa Kongwa na Kibaigwa. Matunda na mboga za majani vingi vinaletwa kutoka Morogoro na Iringa ndo maana kiangazi vinapanda bei. Kasoro zabibu. Zabibu ni zetu, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka na tena Agosti Septemba, na msimu ukifika zinapangwa barabarani kwenye mabeseni. Ukipita Mpunguzi, Hombolo au Makutupora utaona mashamba yenyewe.

Wikendi mnaenda wapi, hamna bahari?

Hamna bahari, kweli. Kuna bwawa la Hombolo, na mbali zaidi njia ya Iringa kuna Mtera, pale watu wanashuka kula samaki na kupiga picha. Asubuhi watu wanapanda vilima, Mlimwa au upande wa Ntyuka, panda mapema kabla ya saa mbili maana mawe yakishika jua yanachoma. Jioni watoto wanapelekwa Nyerere Square. Timu yetu ya Dodoma Jiji wakicheza na Simba au Yanga, uwanja wa Jamhuri unajaa mpaka kwenye miti. Ukiwa na siku nzima nenda Kolo, Kondoa, kuna michoro ya mapangoni iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia 2006, na aibu ni kwamba wengi wetu tunakaa Dom miaka bila kufika.

Mbona mji umetawanyika hivi, unatembea unakuta pori alafu nyumba tena?

Ulipangwa hivyo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulifanyika 1973, ikaundwa CDA ya kusimamia ujenzi, na mpango wa kwanza wa mji ulitaka vitongoji vyenye nafasi na kijani katikati, sio mji wa kubanana. Alafu hela ikawa ndogo na Serikali ikabaki Dar miaka zaidi ya arobaini. Mambo yakaja kwa kasi kuanzia 2016 Serikali ilipotangaza kuhama kweli, CDA ikavunjwa 2017, 2018 tukawa jiji, Ikulu ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023. Kwahiyo unaona mji wa miaka ya sabini, na juu yake mji wa juzi, na katikati mashamba ya watu ambayo hayajaamua.

Ninunue kiwanja?

Nunua, ila taratibu. Enzi za CDA umiliki ulikuwa wa miaka 33, sasa ni 99, kwahiyo ukionyeshwa karatasi ya zamani uliza imeshabadilishwa au bado. Nenda ofisi ya ardhi ya jiji mwenyewe na namba ya kitalu na kiwanja, usiende na mtu wa muuzaji. Uliza mwenyekiti wa mtaa, uliza majirani wa pande zote nne, viwanja vyenye wamiliki wawili vipo na kesi zake zinachosha.

Na usinunue kiangazi bila kuangalia korongo. Huku makorongo mwezi wa tisa ni mchanga mweupe mzuri, yanaonekana kama barabara pana, watoto wanachezea mpira humo. Mwezi wa kwanza mvua ikinyesha vilimani, hata kwako isiponyesha, maji yanashuka kwa mkupuo na yanabeba ukuta. Angalia kingo za udongo zilizokatika, angalia mizizi ya miti iliyo wazi, angalia takataka zimenasa kwenye vichaka kwa urefu gani. Urefu huo ndio maji yalipofika.

Matetemeko yapo?

Madogo hutokea, tuko kwenye tawi la mashariki la Bonde la Ufa. Jenga na linta ya maana, fundi asikupunguzie nondo.

Shule na hospitali?

Kwa hospitali kuna ya Rufaa ya Mkoa pale mjini, watu wanaiita Jenerali, na Benjamin Mkapa iliyo upande wa UDOM kwa matibabu ya kibingwa. Shule zipo nyingi, za serikali na za kulipia, ila basi la shule linaweza kumzungusha mtoto saa nzima mji mzima, kwahiyo rudi kwenye lile swali la mtaa. Vyuo ni UDOM tangu 2007, St John's, CBE, Mipango na vingine.

Nije na nini?

Blanketi, mafuta ya mgando, madumu ya lita 20 angalau manne na simtanki kama unahamia nyumba nzima. Feni lete, utaitaka Oktoba. Makochi meupe acha hukohuko.